Soketi za Kupendezesha Ukuta

Kisiwani, Delta ya Rufiji
Jumapili, baada ya ibada

Mdogo wangu Elia,

Natumaini u mzima, na goti la mama limetulia. Mimi sijambo, na zahanati inaendelea. Naandika kwa sababu kwenye simu ungenikata.

Umesema umemaliza kutandaza nyaya za sola kwa mama, ukaweka soketi za ukutani kama za mjini ili nyumba ipendeze. Mwenye nyumba wangu, Bwana Seif, alisema maneno hayo hayo. Sikujua kuwa ujinga una kiwanda kimoja.

Ana betri moja na soketi sita zisizoweza kuwasha hata pasi. Kwa kuwa umeme wa betri haurushi mtu, maungio ya waya aliyaacha wazi, bila utepe.

Mwezi uliopita alimwoza binti yake. Akaazima jenereta kwa mnunuzi wa kamba wa baharini, muziki upigwe sebuleni. Badala ya kuvuta waya wa peke yake, akaichomeka kwenye soketi ya ukutani ili nyumba nzima ipate. Fundi aliyemfungia sola alimkataza. Akamjibu mbele ya wageni, "Soketi ni soketi, mwanangu. Umeme hauulizwi umetoka wapi." Watu wakacheka.

Jenereta ikanguruma, umeme wake mkali ukapita kwenye nyaya zile zile za betri, taa zikapasuka zote. Bi harusi alikuwa chumbani anatungua kanga kwenye msumari, jirani na ungio, mkono ukaligusa. Nilimkuta chini, hai, namshukuru Mungu. Nikamfunga bandeji kiganja kilichoungua, ambacho hina yake haijafifia. Baba yake anasema ni husuda ya majirani. Juzi amenunua soketi nyingine, zenye kitaa chekundu.

Nawe unasema kwenye kipaimara cha mwanao Neema utaazima jenereta. Elia, waya wako umeupitisha pale pale mama anapotundika kanga. Msumari ule niliupigilia mimi. Funga maungio yote utepe, na ng'oa soketi hizo kabla ya sherehe. Jenereta iwe na waya wake. Ukiona haya wageni wakikuta ukuta mtupu, waambie dada yako ndiye mshamba.

Nisalimie wifi yangu, Neema mwanao, na baba mdogo anayetuchungia mbuzi. Mama mwambie namwombea, na kwamba mpaka utakaponijibu, kanga zake azianike uani.

Dada yako,
Yustina