Kazi Niliyoihamishia Kesho

Mjukuu wangu Diane,

Huku Gisenyi tu wazima, ila magoti ya babu yako yanamsumbua. Umeniuliza, kwa ajili ya utafiti wako wa chuo, kwa nini watu huandika orodha ya kazi halafu huahirisha iliyo kubwa.

Nilipokuwa karani kijana, kila asubuhi niliandika: barua, mafaili, soko. Mwisho: kumtoa dada yangu mgonjwa kijijini Mudende, nimpeleke hospitali. Mwezi mzima nilimaliza mengine, hilo nikalihamishia kesho. Yeye alinitumia ujumbe: “Iko kazi mingi huko mujini, najua. Mi nitangoja.”

Hatimaye nilipopanda mlima kwenda Mudende, alikuwa amekata kauli, hawezi tena kusema. Alifariki kesho yake.

Katika utafiti wako andika na hili, mjukuu wangu. Nilimpenda kuliko kazi zote nilizozimaliza.

Bibi yako