Kona ya Meza Isiyopigwa Msasa

Baba, mwaka umetimia tangu ulipotutoka, na karakana yako bado inanukia vanishi.

Watu walikuita Fundi Msasa, na jina likakukaa. Meza ya mteja ikiwa tayari, mwenyewe amesimama mlangoni, wewe ungali unasugua upande wa chini. "Fundi, huko nani atachungulia?" "Magoti yako," ukamjibu, ukaendelea.

Meza ya nyumbani tu ndiyo hukuipiga msasa. Kona yake ni nyeusi tangu karakana ilipoungua mchana kweupe: mbao, randa, vitanda vya watu, vyote. Uliokoa meza hiyo peke yake, ikifuka moshi. Mama alikuwa na mimba ya mwisho. Jioni ile majirani waliweka chakula juu yake tukala, na asubuhi ukaifanya benchi ya kazi, ukaanza upya. Ulipopata benchi nyingine, ukaileta nyumbani.

Mama aliona haya. Wageni wakija, anafunika ile kona kwa kitambaa. Wewe ukiketi tu, unakikunja.

"Mzee, watu watadhani ni mimi niliyebandika sufuria ya moto hapo!"

"Basi na waulize, niwaeleze."

Na ulieleza. Tuliijua hadithi hiyo hadi mahali unapokohoa. Mmoja wetu akiogopa mtihani, au kujifungua, ulimwekea mkono pale palipoungua. "Siku ile nilisema tumekwisha. Tulikwisha?" Tulijibu kwa uvivu, "Hatukwisha, Baba." "Basi aliyetushika siku ile hajastaafu." Kisha unaomba, sala fupi, na kudai chai yako.

Ulipoondoka, kitambaa kikabaki pale. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kukikunja. Macho ya Mama nayo yakazidi kufifia. Daktari alisema mtoto wa jicho aondolewe mapema, la sivyo atapofuka. Mama akakataa katakata. "Aliyekuwa ananishika mkono hayupo. Na haka kamwanga nilikobaki nako kakipotea?" Tulimbembeleza, tukanuna, tukamwita mchungaji. Wapi!

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, tulimkuta kwenye kiti chako. Alikuwa amekikunja kitambaa mwenyewe, anapapasa ile kona kwa vidole. Akaanza kusimulia, moshi, majirani, chakula, na sisi tukasikiliza kama hatujawahi kuisikia. Kisha akasema jambo ambalo wewe, Baba, ulikuwa umeliruka miaka yote.

"Siku ile baba yenu alishindwa kuomba. Alifungua kinywa, kilio kikamkaba. Niliomba mimi."

Akafuta macho. "Sasa mnanitazama nini? Aliyenisikia siku ile ananisikia na leo. Naogopa, ndiyo. Nipelekeni hivyo hivyo na woga wangu."

Anafanyiwa upasuaji kesho. Hatujui itakuwaje, Baba. Tunachokijua ni kile ulichotufundisha pale mezani, na tunakishikilia.

Unakumbukwa na binti yako mwalimu, mwanao fundi umeme, na kitinda mimba wako (ndiye mwenye karakana sasa, na anasugua upande wa chini kama wewe); pia wakwe zako, wajukuu zako, majirani waliokula nasi jioni ile, na mkeo.

Tulitaka kumsomea Mama tangazo hili la kumbukumbu. Amekataa.

"Liwekeni pale kwenye kona," amesema. "Nitalisoma mwenyewe nikirudi."

Hatutakusahau kamwe, Baba.