Mlango wa Mbele wa Kushoto

Mwaka mzima umetimia leo, Baba, tangu tulipoizima taa ya meza yako, na bado watu wanakuja kukuulizia.

Jumatatu iliyopita, alasiri, tulisikia hodi. Mlangoni alisimama mzee mrefu tusiyemjua, kofia mkononi, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inasimama yenyewe. Kaka alimwamkia, akamvutia kiti. Mgeni hakukaa.

"Nisiwapotezee muda, wanangu," akasema. "Nimekuja kuchukua gari langu."

Kaka alichungulia uani, kana kwamba gari lingeweza kuingia bila yeye kujua. "Gari gani, mzee? Hapa kwetu hata baiskeli hakuna."

"Lipo." Mgeni akanyoosha kiganja. "Dogo. Linaenea hapa."

Ndipo tukaelewa. Mama alitoka jikoni akifuta mikono, akamwambia taratibu, "Aliyekuahidi ametutoka, kaka yangu. Jumatatu ijayo anatimiza mwaka."

Mzee wa watu akakaa. Aliizungusha kofia yake juu ya goti, mzunguko mzima, kisha akasema, "Na mimi njia nzima nilikuwa namsema. Nikasema fundi huyu ana maringo, hata simu hapokei."

Mama alicheka, huku machozi yakimlengalenga. Ungekuwepo, ungecheka zaidi.

*

Baba, wengi walikujua kwa meno. Miaka thelathini na moja ulikaa kwenye ile maabara ya meno bandia, ghorofa ya pili, kiti cha dirishani, ukiwatengenezea watu meno ya kutafunia na kuchekea. Tulikutana na kazi yako kila mahali. Tukiwa sokoni, mtu akicheka, ulikuwa unatunong'oneza, "Yale ya juu ni yangu. Ya chini simjui fundi wake, ila ana haraka."

Nyumbani ulikuwa na kazi yako nyingine, kuunda vigari vya mfano. Vilikuja ndani ya boksi, vipande vya plastiki vimeshikamana na fremu zake, gari zima lililopunguzwa mara ishirini na nne. Ulikikata kila kipande kwa koleo ndogo, ukakipiga msasa, ukakiosha kwa sabuni, ukakianika. Vile vifaa vya maabara vilivyozeeka ulivileta nyumbani vikaanze maisha mapya; ndoano iliyochonga magego ya nta kwa miaka ikawa inasafisha kingo za madirisha ya gari. Rafiki yako mmoja alikuuliza tofauti ya kazi hizo mbili ni nini. Ukamjibu, "Gari likikaa vibaya halinirudii na shavu limevimba."

Hukuwahi kuunda gari kama picha ya boksi inavyotaka. Gari jipya, ulisema, halijaishi na mtu. Ulilitia kutu chini ya milango, tope kwenye matairi, nyufa kwenye kiti cha dereva. Milango kwenye vigari vile haifunguki, ni mistari tu iliyochorwa ubavuni. Wewe ulikuwa unaikata kwa wembe, siku mbili kwa mlango mmoja, ukaitilia bawaba za waya mwembamba kama unywele.

Mama akiita, "Chakula kinapoa!" ulijibu, "Nakausha taa."

"Basi ioe hiyo taa."

"Nimeshaiuliza. Imekataa, inasema ina mtu."

Na lile neno lako, Baba, *iache ikauke*. Ulilitumia kwa gundi na kwa ugomvi. Kaka nami tukirushiana maneno, ulituambia tuache ikauke. Niliposhindwa mtihani mwaka wa pili, nikakupigia simu nikilia kwamba naacha chuo, ulisema, "Usiiguse ikiwa mbichi, mwanangu. Iache ikauke, kisha utaona palipo na kasoro." Niliurudia ule mtihani. Miezi minne iliyopita nilivaa joho, na picha yake ipo mezani kwako, karibu na makopo ya rangi.

*

Mgeni wako alikuwa dereva wa teksi, Baba, yule uliyemtengenezea meno ya juu. Alitueleza kwamba siku ya kuyajaribu aliona kigari dirishani mwako, akaanza kukuhadithia kuhusu gari lake, na kwa jinsi meno yalivyomkaa vizuri akaongea mpaka wenzako wakafunga ofisi.

Gari lake lilikuwa la rangi ya maziwa. Siku ya pili ya kumfundisha mkewe kuendesha, mkewe aliipamia nguzo ya geti. Mlango wa mbele wa kushoto ukabonyea. "Akashuka analia," dereva akasema. "Nikamwambia, usilie, mke wangu, sasa gari lina sahihi yako. Sikuunyoosha mlango ule mpaka nimeliuza gari. Abiria walinicheka, nikawaambia hawajaoa."

Mwaka juzi macho ya mkewe yalikwisha kabisa. Sasa anaona kwa vidole. Ndipo ulipomwahidi: siku ya kutimiza miaka arobaini ya ndoa yao, atampa mkewe gari lile alishike, na mbonyeo wake.

"Rangi hata ikikosewa hatajua, nami simwambii," dereva akasema. "Ila mlango ule lazima aukute." Kisha akainuka. "Basi, yaishe. Fundi ameshapumzika, haendewi tena na maneno ya vigari."

"Siku yenyewe ni lini?" Mama akamuuliza.

"Jumamosi hii. Lakini mama..."

"Jumamosi utalipata," Mama akasema. "Yeye alisema litakuwepo."

Mimi nilikuwa nimesimama kama niliyemwagiwa maji. Nililijua gari lile.

*

Baba, hapa nakuomba radhi mbele ya watu wote.

Mwezi uliopita niliisafisha meza yako, nikitaka mwaka ukitimia ionekane kama ulivyoiacha. Nilikuta kigari cha rangi ya maziwa kimebakiza kutiwa taa na waipa tu. Mlango wake mmoja umebonyea. Nikasema jua la dirishani limeiharibu kazi ya Baba. Nikaujaza ule mbonyeo kwa udongo wako wa kujazia nyufa, nikapiga msasa siku tatu, mpaka ukawa laini kama yai. Nilijipongeza. Daftari lako lilikuwa pale pale, wala sikulifungua.

Dereva alipoondoka nililifungua. Ukurasa wa saba, kwa ule mwandiko wako wa kubanana: "Dereva. Mlango wa mbele kushoto. Mgongo wa kijiko cha chai juu ya mshumaa, hesabu nane. Bonyeza mara moja, usirudie. Jaribu kwanza kwenye vifuniko vya plastiki. Nimeharibu kumi na saba." Na chini yake: "Umetoka. Usiguswe tena."

Jumanne nilijaribu kuubonyeza upya. Udongo niliotia ulikataa joto, mlango ukapasuka vipande viwili mkononi mwangu. Kaka alipiga simu kwenye maduka yote aliyoyajua na mengine ya kubahatisha. Kila mwenye duka alimjibu lile lile, boksi la aina hiyo liliacha kutengenezwa zamani.

Ulimwenguni, kwa kadiri tulivyojua sisi, ulibaki mlango mmoja tu wa kuenea pale. Tuliujua ulipo wote watatu, na hakuna aliyeutaja.

Ulikuwa chumbani kwa Mama. Boksi hilo ulikuwa umenunua mawili. Kwa la kwanza uliunda gari letu la kijani, lile la kwanza kabisa, mlilosafiria mkiwa hamna hata sofa. Ulilifunika kwa plastiki angavu, ukaliweka upande wake wa kitanda. Tangu utuondokee, Mama hulipangusa vumbi kabla ya kunywa chai.

Jumatano asubuhi alilileta mwenyewe mezani.

"Mama, hapana," nikasema. "Kosa ni langu. Nitakwenda kwa mzee nimwombe msamaha."

"Msamaha ataushika vipi yule mama?"

"Lakini hili ni lako. Baba alisema kutazama ni bure, kugusa ni marufuku."

"Aliwaambia ninyi. Mimi aliniambia, siku moja lifungue uone. Kila mara nikasema nitalivunja." Alivaa miwani yako, ile ya kukuza. "Nipe kibano. Na wewe," akamwambia Kaka, "acha kupumua kama ng'ombe, kitu kidogo hiki."

Akachomoa waya wa bawaba ya juu, kisha wa chini. Mlango ukaachia. Alichungulia ndani, akainama zaidi. Kaka akadhani kuna kitu kimevunjika.

"Viatu vyangu," Mama akasema.

Tukasogea. Sakafuni, mbele ya kiti cha abiria, uliweka jozi ya viatu, kila kimoja kidogo kuliko punje ya mchele, vyekundu, kimoja kimelala ubavu. Hatukujua. Mama akatueleza kwamba safari zote alikuwa anavivua kabla hamjafika barabara kuu, na kila mkifika wewe ndiye uliyeinama kukitafuta kimoja chini ya kiti.

"Miaka kumi na miwili vimekaa pembeni ya kichwa changu," akasema, "na mimi naogopa kufungua mlango." Alicheka mpaka akaivua miwani. Tulicheka naye, Baba. Ilikuwa asubuhi nzuri.

*

Tuliharibu vifuniko ishirini na viwili. Umetushinda kwa vitano. Kaka alishika mshumaa, Mama akahesabu, mimi nikabonyeza. Kisha tukaufikia mlango wenyewe. Mama alisema "nane" kwa sauti ile ile aliyokuwa akituhesabia ngazi tukiwa watoto. Nikabonyeza mara moja, sikurudia. Ulitoka, Baba. Si kama wako, lakini kidole kikipita kinazama.

Alhamisi mvua ilinyesha kutwa. Nilitaka kupuliza rangi hivyo hivyo, siku zinakwisha, lakini Kaka akakumbuka ulivyosema kwamba rangi ikipulizwa kwenye unyevu hupata ukungu. Tukasubiri. Ijumaa jua likatoka, tukapuliza uani, tabaka jembamba mara tatu, na kile kikopo chako cha rangi ya maziwa kikatosha kama ulivyokipima. Kisha tukaketi mbele yake watu wazima watatu, mikono mapajani, tunaangalia mlango mdogo ukikauka. Usiku tukaufunga kwa bawaba zake, tukatia taa na waipa zilizokuwa zimebaki.

Jumamosi tulikwenda sote. Mama alilipakata boksi safari nzima.

Mke wa dereva alikuwa amekaa sebuleni kwao, katikati ya wageni, amevaa nguo mpya. Mumewe akamwekea gari mkononi bila kusema neno. Vidole vyake vilianza na paa. Vikashuka kwenye kioo, vikazigusa taa moja moja, vikapita ubavu wa kulia, tairi, mlango, tairi. Vikazunguka nyuma. Vikaja upande wa kushoto, mlango wa nyuma, kisha wa mbele, vikazama, vikasimama.

"We mwanamume," akasema. "Miaka yote hii, na bado hujanyoosha huu mlango?"

"Sikupata fundi," dereva akamjibu.

Chumba kizima kikacheka, na yeye akacheka kuliko wote, huku kidole gumba kimebaki pale pale kwenye mbonyeo. Hakukiondoa mpaka tunaaga.

Tulipofika nyumbani Kaka alisema atachonga mlango mwingine, ajaribu tu. Mama amekataa. Gari letu la kijani limerudi upande wake wa kitanda, halina mlango wa mbele wa kushoto, na kila asubuhi kabla ya chai anainama kidogo kuangalia kama viatu vyake vipo.

Ahadi yako imefika, Baba. Pumzika.

Unakumbukwa na mkeo, mwenye viatu vyekundu. Na mwanao wa kwanza na mkewe. Na mimi kitinda mimba wako, ambaye siku hizi nasoma daftari kwanza. Na dada yako mkubwa, anayekuambia meno uliyomtengenezea bado yanatafuna. Na wenzako wa ghorofa ya pili, ambao hawajampa mtu kile kiti cha dirishani. Mwaka huu tumeongeza wawili, dereva na mkewe.

Hatutaacha kukukumbuka, Baba, na ule mlango utabaki wazi.