Aya ya Tatu ya Hotuba ya Mama

Jumatatu, 6 Mei

Mama kaleta hotuba dukani nimtaipie. Kurasa nne za mkono, mwandiko uleule wa ubaoni. Shule aliyokuwa mwalimu wa nidhamu miaka ishirini na mbili imemwalika Jumamosi azungumze na wazazi — kulea bila fimbo. Nusura nicheke. Huyuhuyu ambaye wanafunzi walimwita Radi!

Nikafika aya ya tatu. Kaandika: "Nilimpiga binti yangu kwa waya wa pasi akiwa na miaka tisa, kwa kupoteza sweta. Kesho yake sweta ilikutwa darasani. Sikumwambia pole. Leo namwambia."

Nimeisoma mara nne. Mteja aliyeleta cheti kutolewa kopi kaniuliza kama naumwa macho. Nikasema vumbi la mashine. Miaka thelathini na moja nasubiri neno hilo.

Nikampa nakala. Kasifu herufi kubwa, kaondoka.

Alhamisi, 9 Mei

Binti yangu kamwaga chai kwenye daftari la hesabu. Nikapaza sauti. Mama alikuwepo. Akaniambia polepole, watoto wa siku hizi hawaongozwi kwa kelele, kaa naye, muulize. Akamfuta machozi, akamwita "mke mwenzangu" kwa utani wa bibi na mjukuu, wakacheka.

Wivu ulinishika, niseme kweli. Wivu kwa mtoto niliyemzaa mwenyewe. Nikajituliza, Jumamosi si mbali. Gauni la bluu nimeshalipiga pasi.

Jumamosi, 11 Mei

Kairuka.

Ukumbi umejaa hadi mlangoni. Mimi safu ya pili, leso tayari mkononi. Aya ya kwanza, ya pili — hotuba nzima naijua kwa moyo. Halafu akafunika karatasi, akatabasamu. Akasema yeye hakuwahi kumwinulia mkono mtoto wake, hata siku moja, na matunda yake yale pale. Simama, mwanangu, wakuone.

Nikasimama.

Nikatabasamu pia. Watu wakapiga makofi, nami nikainamisha kichwa kama bibi harusi. Hapo ndipo panaponichoma zaidi. Kanisaliti mbele ya ukumbi mzima, na mimi nikamsaidia kazi.

Jumapili, 12 Mei

Nimekwenda kwake. Nikamuuliza aya ya tatu ilikwenda wapi. Hakujifanya hajui, hilo nampa. Kasema nusu ya wazazi wale aliwafundisha yeye, sasa ajivue nguo mbele yao? Kasema zamani kila mzazi alipiga, na mbona nimekua vizuri tu.

Nikamwambia, basi niambie sasa, Mama, tuko wawili. Akainuka kwenda kuangalia sufuria jikoni. Hakukuwa na kitu motoni.

Nilitaka kumpigia kaka simu, nikaacha. Yeye alichapwa kuliko mimi, na bado atasema mzee huyo, mwachie. Nimechoka kuwaachia watu.

Jumanne, 14 Mei

Shule imeipenda hotuba! Wanataka nakala mia mbili, kila mzazi apate yake. Mwalimu mkuu anazifuata saa kumi. Mama kaja na habari hiyo uso umemchanua, utadhani juzi hatukusemezana. Kavuta kiti mpaka kwenye mashine. Kaniambia ile ya tatu nifute, niweke aliyoyasema ukumbini.

Nimemjibu sawa, Mama.

Sijafuta. Kidole kilikuwa juu ya kitufe kabisa. Nikayasikia yale makofi, nikaamuru iprinti kama ilivyo.

Naandika hapa nyuma ya kaunta. Nakala ya sitini sasa. Miwani kaisahau nyumbani, kwa hiyo hasomi, anapanga tu kurasa na kuzibana pini, anajisemea kwamba kazi ya mwanawe ni safi. Zote zinapita mikononi mwake. Naweza kusimamisha mashine bado. Naogopa, na sitaki kusimamisha.

Ya mia na kumi.

Mwalimu mkuu kaingia, kawahi. Mama kampa nakala ya juu kabisa. Kamwomba asome kidogo kwa sauti, wateja nao wafaidi. Mwalimu anakohoa, anaanza. Aya ya kwanza. Mama anatikisa kichwa kuitikia, ananitazama mimi. Ya pili.