Mche wa Parachichi Nilioung'oa Mbarara

Jumamosi, kambini Nakivale. Upepo tangu asubuhi, vumbi mpaka kwenye chai. Nimefagia uwanja mara mbili na bado situlii.

Niseme ukweli: juzi nimefanya jambo la aibu, na niliyemfanyia alinicheka. Angenitukana ingekuwa afadhali.

Binti yangu Riziki, aliyeko Norwe, hataki nizeekee kwenye nyumba ya udongo. Nimestaafu ualimu mwaka huu, presha inanipeleka hospitali Mbarara kila mwezi, basi amenitafutia nyumba ya vyumba viwili huko, upande wa Kamukuzi, maji ndani kwa ndani. Jumatatu natakiwa kutia saini. Mwenye nyumba ni Hajati Zaina, mjane kama mimi, anauza vitambaa mjini.

Mwanasheria alinieleza polepole, kama nilivyokuwa nikifundisha kugawanya: mgeni haandikiwi ardhi iwe yake moja kwa moja, anapewa miaka ya kuikodi. Mimi nimepewa arobaini na tisa. Nina sitini na sita. Nilipiga hesabu palepale nikacheka peke yangu. Ikiisha nitakuwa na mia na kumi na tano, waje tu wanifukuze.

Lakini hofu haikuondoka.

Kwetu Fizi, ng'ambo ya mpaka, ukimkodishia mtu shamba unamruhusu mahindi, mihogo, maharage. Mti, hapana. Anayepanda mti wa kudumu anatangaza kwamba shamba ni lake. Shemeji yangu alimwonea mtu huruma, akamwacha apande michikichi kwenye shamba la marehemu mume wangu. Leo mtu huyo anakamua mawese, na sisi ndio tunaoulizwa tumetoka wapi. Kwa hiyo hapa Nakivale, miaka kumi na minne, sijapanda hata mpapai. Ardhi si yangu, na kila mwaka nilijiambia tunarudi.

Alhamisi nilikwenda kuitazama nyumba kwa mara ya mwisho kabla ya saini. Nafungua geti, nakuta katikati ya uwanja mche wa parachichi, udongo wake bado umelowa. Damu ilinipanda. Nikasema, kumbe huyu mama ananipa miaka huku anaweka alama yake! Nikampigia simu Baba Esta, jirani yangu wa hapa Nakivale, naye ni wa Fizi, kiwanja bado anakiita parsele.

"Mama Riziki, mutu akipanda muti mu parsele yako, ile parsele haiko yako tena. Ungoe mbiyo!"

Nikaung'oa. Kwa mikono miwili, na viatu vya kanisani miguuni.

Sikuwa nimenyooka vizuri Hajati akaingia na chupa ya chai mkononi. Akautazama mche, akaitazama mikono yangu, akaniita bibi kwa lugha ya huku.

"Nyabo, hiyo muti mimi nilipanda ya wewe. Ukikuja kukaa, ukule matunda. Sasa kosa yake ni nini?"

Nilimweleza habari ya michikichi. Alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Kisha akanimiminia chai, akasema taratibu: "Mimi napandia mutu mwenye nataka akae."

Neno hilo halijaniacha. Mwenye nataka akae. Sikumbuki ni nani mwingine aliyewahi kuniambia hivyo tangu nilipovuka mpaka.

Hajati alitaka turudishe mche shimoni palepale. Nikakataa. Nikasema nitautunza kwanza upate nguvu, nikaufunga mizizi kwa kitambaa chenye maji, nikaja nao. Ulikuwa uongo. Nilitaka muda tu.

Sasa uko mlangoni, ndani ya kopo la mafuta ya kupikia. Majani mawili yamelegea. Baba Esta alipita asubuhi, akausimamia kama anayetazama mgonjwa.

"Ukisaini kule, parsele ya Fizi utaiacha?"

Nilimjibu kwamba chai inapoa. Hakuwa na chai, wala mimi sikuwa nayo.

Huyu Hajati wa watu nilimwogopa bure. Ninaogopa mkono wangu mwenyewe. Kutia saini ni wino, na wino nimeutia kwenye karatasi nyingi za ukimbizi ambazo hazikunibadilishia kitu. Lakini nikipanda mti nitakuwa nimesema, kwa lugha ambayo marehemu mume wangu angeielewa, kwamba sirudi tena. Nimelia kidogo nikiandika hapa. Si sana.

Jioni hii nimeumwagilia. Jani moja limeinuka. Kopo ni dogo, hautakaa humo wiki nzima.

Jumatatu nitakwenda nao. Nitaupanda kwanza katika shimo lile lile, ninawe mikono, ndipo niende kwa mwanasheria. Riziki akisikia mpango huo atasema uzee umenianza.

Baba Esta ataelewa mara moja, na ndiyo sababu sijamwambia.