Mkwe wa Kuinua Boriti

Kijiji cha Ujamaa Kinampanda,
S.L.P. Kiomboi,
Singida.
14 Oktoba 1974

Mpendwa mwanangu Esta,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Hujambo huko Tanga? Masomo ya uuguzi je? Sisi wazima. Baba yako mzima, ila mgongo unamsumbua tangu tuhamie hapa. Bibi mzima, anauliza kama huko mnapata ugali wa mtama. Melkizedeki mdogo wako mzima. Kitindamimba Theresia ameota meno, ananiuma. Mbuzi nao wazima. Naandika mwenyewe, maana sasa naenda kisomo.

Melkizedeki alitusomea barua yako. Kuhusu mchumba wako Leonidas umeandika kwa Kiingereza kwamba ni stout, muscular, tena sturdy. Mimi nilidhani ni neno moja unalirudia kwa furaha. Melkizedeki akasema sivyo: mtu wa neno la kwanza amejaa mwili, wa pili misuli yake inaonekana, wa tatu amejengeka imara, ukimsukuma haanguki.

Baba yako hakungoja maelezo. Unajua kwetu mchumba huja kwanza kufanya kazi kwa wakwe. Tembe letu jipya lina kuta tu. Jirani yetu Paskali alitaka kuleta vijana watupandishie boriti, baba yako akamwambia, "Kaa na vijana wako bwana, mkwe wangu anakuja!" Paskali akacheka, "Mzee, huyo mkwe ni mtu au trekta?" Sasa kijiji kizima kinamngoja Leonidas, na mawingu yameanza.

Mwanangu, niambie mimi mama yako, usifiche. Kati ya hao watatu yeye ni yupi hasa? Kama ni mwili tu, sitaki aje kuchekwa mbele za watu. Nitaongea na Paskali taratibu alete vijana wake.

Mimi nampenda yule wa tatu. Baba yako alikuwa mwembamba kama fito, lakini nilipougua mimba yako alinibeba mgongoni mpaka hospitali Kiomboi, hakuniweka chini hata penye kilima. Je, Leonidas atakubeba hivyo ukiugua? Hilo hukuliandika.

Kama atakubeba, mwache aje hata akiwa mwembamba. Vijana watainua, naye atashika upande mmoja wa boriti pamoja na baba yako.

Bibi na Melkizedeki wanakusalimu sana. Mungu akufunike, wewe na huyo kijana. Nijibu upesi, mama, mvua isitukute bila paa.

Mimi mama yako nikuwazaye,
Marietha