Bonde Lililohama Duka

Jumatatu, 18 Agosti

Siku ya arobaini na mbili. Nimefagia uani, nimechemsha chai ya mtu mmoja. Eda bado karibu miezi mitatu. Sitoki. Dunia yangu ni kutoka mlangoni hadi kwenye ua wa michongoma, na huko ndiko Kwamndolwa yote ninayoiona.

Juzi tulisoma arobaini. Shemeji Rajabu, kaka mkubwa wa mume wangu Salimu, alitoka Misima kuja kusimamia ugawaji wa nguo. Zote zilifuliwa kwanza, zikaanikwa, zikakunjwa. Kwao Handeni nguo ya marehemu haipewi mtu ikiwa na jasho lake. Shati la mistari alipata jirani. Kompyuta aliichukua Rajabu mwenyewe, binti yake anajifunza kuchapa. Aliniomba kwa adabu, nikasema chukua. Ya nini kwangu.

Simu ya Salimu nimebaki nayo. Naichaji kila asubuhi. Leo imeingia barua ya Kiingereza, ndefu. Nimetambua maneno mawili tu, jina la gemu yake.

Jumanne, 19 Agosti

Neema amekuja mchana. Ndiye fundi aliyekuwa akifanya kazi na Salimu kwenye kibanda chao cha kompyuta pale Korogwe mjini. Ameisoma ile barua mara mbili. Kisha akanieleza.

Gemu ile inahama. Kuanzia mwezi ujao itauzwa duka moja tu mtandaoni, duka jingine, si lile Salimu alilonunulia. Waliokwisha kuinunua zamani lazima wajithibitishe kwenye duka jipya. Mwisho tarehe 31. Asiyejithibitisha, kila alichojenga kinafutwa.

Yaani bonde linafutwa.

Niandike hapa bonde ni nini, maana sijawahi kumwambia mtu. Gemu hiyo inakupa ardhi tupu, wewe unaitengeneza. Salimu alitengeneza bonde kwa miaka sita, kila jioni akitoka kibandani. Mto, vilima, njia za miguu. Mimi nilikuwa naitwa kutazama. "Njoo uone ukungu." Nakuja na unga mikononi, natazama dakika moja, nasema pazuri, narudi jikoni. Miaka sita ya dakika moja moja. Sikuwahi kukaa.

Sasa nalitaka. Nalitaka kuliko shati.

Jumatano, 20 Agosti

Nimempigia shemeji Rajabu. Salamu ndefu, mahindi, mifugo, afya ya kila mtu. Nikamwomba asiguse chochote ndani ya kompyuta. Akasema, "Shemeji, kitu cha marehemu hakiendi kichafu. Na ile niliisafisha."

Aliipeleka kwa fundi Handeni mjini. Alimwambia atoe kila kitu cha marehemu, ibaki kama mpya. Fundi akafuta. Rajabu alimlipa kwa moyo mweupe kabisa.

Siwezi kumkasirikia. Nimejaribu.

Nimelia jikoni. Ndipo nikajua kwamba msibani sikuwa nimelia hivi.

Alhamisi, 21 Agosti

Neema amenicheka, kisha akaniomba radhi. Anasema bonde halikuwa ndani ya kompyuta. Kompyuta ilikuwa dirisha tu. Bonde lenyewe limehifadhiwa dukani, kwenye mashine zilizo nchi nyingine. Hata yeye hajui ni nchi gani.

Nimeshinda na maneno hayo siku nzima. Tulimzika Salimu mchana. Siku ile, na siku zote hizi, mto wake ulikuwa upo mahali fulani. Baba yangu alikata mkonge Ngombezi miaka thelathini, na kazi yake yote ilikuwa unaweza kuigusa. Ilichoma hata mikono. Kazi ya Salimu haina mahali, na ipo. Nimeogopa kidogo, ile hofu ya kuingia kwenye nyumba kubwa ya ibada.

Siku kumi zimebaki.

Jumapili, 24 Agosti

Kikwazo. Duka la zamani lilikuwa linapokea malipo kwa simu, ndivyo Salimu alivyonunua. Duka jipya halitambui simu. Linataka kadi ya benki ili kukuthibitisha. Halikati hela, linataka tu kadi iwepo. Mimi sina. Neema hana. Vijana wanaokuja kibandani kwao hawana pia, na wote walinunua gemu hiyo kihalali.

Nimeuliza kwa nini duka moja liwe na amri hiyo. Neema anasema lilimlipa mtengenezaji ili gemu isiuzwe pengine. Wenye duka wamefurahi, mtengenezaji amefurahi. "Sisi ndio hatukuulizwa, dada. Ni kama Korogwe nzima sabuni iuzwe duka moja, halafu na ile uliyonayo bafuni uambiwe uipeleke wakaipige muhuri."

Nimemwuliza kuhusu kwenda benki kufungua akaunti. Anasema kadi haitoki siku hiyo hiyo. Nimehesabu siku. Haiwezekani, hata kama ningetoka.

Jumatano, 27 Agosti

Jana usiku usingizini nilikumbuka kwamba shemeji analipwa mazao yake kwa benki. Wakulima wa chama chao wote walipewa kadi.

Nimempigia. Nimemwambia ukweli wote, kwamba nataka kompyuta irudi na nataka kadi yake, kwa ajili ya gemu. Nilisikia aibu kulitamka neno hilo. Mjane wa siku hamsini anaomba gemu. Akauliza kama ni ule mchezo ambao Salimu alikuwa haachi hata siku za sikukuu. Nikasema ndio. Akasema atafikiri.

Alhamisi, 28 Agosti

Hajapiga.

Ijumaa, 29 Agosti

Hajapiga. Neema amepita, hakukaa. Nimesoma Yasin. Nimefua mapazia ambayo si machafu.

Jumamosi, 30 Agosti

Amekuja. Alipanda basi la kwanza kutoka Handeni, kompyuta ameifunga kwenye kanga ya mkewe kama mtoto. Kadi ilikuwa mfukoni mwa shati, na kiganja juu yake. Nadhani alikuja hivyo njia nzima.

Mimi nipo edani, kwa hiyo shemeji amekaa barazani, mimi na kompyuta ndani, pazia katikati. Neema ndiye anayepita kati yetu. Duka limeuliza namba za kadi. Rajabu akakataa kuitoa mkononi, akasema atazisoma mwenyewe. Akaanza kusoma kwa sauti. Neema akatoka mbio. "Mzee Rajabu, taratibu, jirani naye ana masikio." Basi akasoma kwa kunong'ona, namba moja moja, na Neema akarudi ndani nazo nne nne kama anabeba mayai. Mara ya kwanza ilikataa. Walikosea moja. Mara ya pili duka likatuma namba za siri kwenye simu ya Salimu. Simu ikalia hapa mezani, ina chaji.

Likakubali.

Rajabu alimwuliza Neema kama naye anacheza, akaomba kadi hiyo hiyo itumike na kwake. Haiwezekani, kadi moja mtu mmoja. Kumbe Neema naye alikuwa na ardhi yake kwenye gemu hiyo. Siku zote hizi hakuniambia. Nimemtazama. Akasema, "Mimi nilikuwa na kuku tu, dada."

Rajabu alipokuwa akiondoka alisimama karibu na pazia. Alisema yeye ndiye aliyemfundisha Salimu kutengeneza mfereji wa maji shambani, Salimu akiwa mdogo kama jiwe la kusagia. Alitaka kujua kama kule ndani kuna mfereji. Nikasema sijui, sikuwahi kukaa nikatazama. Akasema naye pia.

Gemu imeanza kushuka kutoka mtandaoni saa nane mchana. Ni kubwa sana. Neema ameniwekea bando lake lote.

Jumapili, 31 Agosti

Umeme ulikatika asubuhi, ukarudi. Gemu imemaliza kushuka saa saba mchana. Neema akafungua.

Sijui niandikeje. Kwanza palikuwa giza, kisha jua likatoka nyuma ya kilima. Si picha. Majani yalikuwa yanacheza na upepo. Mto ulikuwa unakwenda, unasikika. Neema akanionyesha kitufe cha kubonyeza ili nitembee, nikatembea. Kuna njia ya miguu inazunguka kila jiwe, hakuna hata moja lililong'olewa. Kuna daraja la mbao, na chini yake kivuli cha daraja, na ndani ya kivuli samaki. Nani angewaona samaki wale? Aliwaweka tu. Kuna mfereji. Unatoka juu kabisa mlimani, unashuka kwa ngazi, unagawanyika shamba kwa shamba, na maji yanafika hadi la mwisho. Nilimpigia shemeji nikamwambia. Akauliza kama maji yanamwagika pembeni. Nikasema hayamwagiki hata tone.

Mume wangu alikuwa fundi wa kibandani mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Nililala naye miaka kumi na tisa. Sikujua kwamba ndani yake kulikuwa na mlima.

Halafu Neema akaniambia kilichobaki. Ili duka jipya lilishike bonde, lazima lihifadhiwe upya kabla ya siku kwisha. Akanifungulia mahali pa kuhifadhi. Pana mstari mmoja tu, na tarehe. 5 Julai, saa kumi na moja na dakika kumi na mbili jioni. Ndiyo mara yake ya mwisho. Tulikwenda hospitali kesho yake.

Nikihifadhi, tarehe hiyo inatoka. Inaingia ya leo.

Naikumbuka jioni hiyo. Nilikuwa nakaanga samaki. Aliniita nije nione kitu. Nikasema nakuja. Nikageuza samaki, nikasahau.

Neema alitoka nje akaniacha. Nilikaa na ule mstari labda nusu saa. Niliuandika nyuma ya kitabu hiki, tarehe na saa na dakika. Kisha nikabonyeza. Haikuchukua hata sekunde. Pakaandikwa 31 Agosti. Mto ukaendelea.

Jumanne, 2 Septemba

Asubuhi ya baridi. Nimepika, nimefagia, nikawasha kompyuta.

Nimetembea kufuata mto hadi mwisho wa bonde. Imechukua muda. Mashamba yanakwisha, njia inakwisha, kuna nguzo mbili za ua ambazo hazijaunganishwa. Mbele yake ni msitu ambao hakuugusa. Miti mirefu, ukungu chini, ndege wanaosikika na hawaonekani. Nilimwuliza Neema kwa simu msitu ule ni wa nani. Anasema hauna mwenyewe, unaendelea tu, gemu inautengeneza kadiri mtu anavyokwenda. Kama haendi mtu, haupo.

Nimesimama kati ya zile nguzo. Sikuingia, sikurudi. Ukungu ulikuwa unasogea kidogo kidogo kati ya miti. Nikakaa vizuri kwenye kiti, nikatazama, mpaka adhuhuri ikaadhiniwa huku nje. Nikahifadhi, nikazima, nikaenda kutawadha.